Kampuni kubwa zimeshamaliza kila kitu? Jibu kwa mwanafunzi anayetaka utafiti wa lugha na mitandao ya neva

Swali: "Shikamoo Daktari. Nipo mwaka wa tatu, sayansi ya kompyuta, hapa Dodoma. Napenda lugha, napenda na mitandao ya neva, na nataka mradi wangu wa mwisho uwe huko. Wenzangu wananicheka. Wanasema kampuni za Marekani zimeshamaliza kila kitu, mifumo yao inaandika Kiswahili kuliko sisi, na bila mashine za mabilioni huwezi kufanya lolote. Je, mtafiti wa kawaida amebakiziwa kazi gani? Na akiamka asubuhi anafanya nini hasa?"

Marahaba. Wenzako wameshika nusu ya ukweli, na ndiyo nusu inayopiga kelele. Kufunza modeli kubwa, yaani mtandao wa neva uliojifunza lugha kutokana na maandishi mengi, kuanzia sifuri si kazi yako wala yangu. Tangu watafiti wa Google walipochapisha mwaka 2017 Transformer, muundo wa mtandao wa neva unaobeba modeli kubwa za lugha, modeli zimekuwa zikiongezeka ukubwa kila mwaka, na bili ya umeme peke yake inatosha kumfukuza mtu. Lakini kufunza modeli ni sehemu ndogo ya utafiti huu. Kinachokula siku za mtafiti ni kujua modeli imekosea wapi na kosa limetoka kwenye nini: kwenye data, kwenye namna maneno yalivyokatwa, au kwenye kipimo chenyewe. Hapo anayekijua Kiswahili mpaka ndani ya viambishi ana kitu ambacho fedha hainunui haraka.

Nianze na kukata, maana wengi hupapita bila kupaangalia.

Mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano kwa kurekebisha namba zake, hausomi herufi wala maneno, unasoma namba. Kabla sentensi haijaingia, kuna programu ndogo inayoikata vipande, yaani tokeni. Kila kipande kina namba yake, na kila namba ina vekta yake, ambayo ni mlolongo wa tarakimu mamia au maelfu unaorekebishwa kidogo kidogo wakati wa mafunzo. Njia ya kukata inayotumika sana ilizaliwa kwa kazi nyingine kabisa. Philip Gage aliichapisha mwaka 1994 kama mbinu ya kubana mafaili, na mwaka 2016 Rico Sennrich na wenzake wa Edinburgh wakaileta kwenye tafsiri ya mashine. Kanuni yake ni nyepesi: anza na herufi moja moja, tafuta jozi inayojirudia kuliko zote, iunganishe iwe kipande kimoja, kisha rudia mara maelfu. Haijui sarufi, inajua kuhesabu tu.

Sasa chukua kitenzi *hakukupikia*. Wewe na mimi tunaona ha-ku-ku-pik-i-a: ukanushi, wakati uliopita, mtendewa, mzizi, kiambishi cha kutendea, irabu ya mwisho. Zile *ku* mbili zinafanana kwa sura tu. Ya kwanza ni ya wakati, ya pili ni wewe. Mkataji anayehesabu jozi halioni hilo. Kwenye data yake mfululizo *kuku* umejirudia sana, kwa sababu ya kuku wa sokoni na kwa sababu ya vitenzi kama *kukupa* na *kukuona*. Hakuna kinachomzuia kukata *ha*, *kuku*, *pikia*, na kuku akaingia kwenye sentensi ambayo haikumwalika. Na kama mkataji huyo alifundishwa kwa maandishi ambayo mengi ni Kiingereza, huenda akavunja neno vipande vidogo zaidi visivyo na maana yoyote kwetu.

Hasara ni mbili. Ya kwanza ni ya mfukoni: huduma nyingi za modeli kubwa hutoza kwa tokeni, kwa hiyo ujumbe uleule ukikatwa vipande vingi zaidi kwa Kiswahili, Mswahili analipa zaidi, na nafasi ya kumbukumbu ya modeli inajaa mapema. Ya pili ndiyo ya kitaaluma. *Walinipikia*, *wamepikiwa* na *hatukuwapikia* ni ndugu wa mzizi mmoja. Wakikatwa kila mmoja kwa namna yake, mtandao unalazimika kuugundua undugu huo upya kutokana na mifano mingi, mifano ambayo lugha yenye maandishi machache haina.

Majirani zetu wamelifanyia kazi hili. Mwaka 2022 Antoine Nzeyimana na Andre Niyongabo Rubungo walichapisha KinyaBERT, modeli ya Kinyarwanda ambayo kwanza inachambua neno kwa maumbo yake, shina huku na viambishi kule, ndipo inauachia mtandao. Ilifanya vizuri kuliko modeli za kawaida walizolinganisha nazo. Usikimbie kuhitimisha kwamba kukata kwa sarufi ndiyo dawa ya kila kitu, hata hivyo. Matokeo ya lugha mbalimbali yanapingana, na data ikiwa nyingi mno mtandao hujifundisha mengi wenyewe hata ukikatiwa ovyo. Kwa Kiswahili, kilicho katikati, hakina wingi wa Kiingereza wala ukata wa Kikwere, swali bado liko wazi. Lingeweza kuwa mradi wako, ila nina mwingine ninaoupenda zaidi, nitaufikia.

Wala usidhani kazi hii imeanza na mitandao ya neva. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alikuwa akiiandikia kompyuta kanuni za kuchambua vitenzi vya Kiswahili tangu miaka ya 1980, na mkusanyo wa maandishi uliotokana na kazi hiyo bado unatumika. Mwaka 2006 Guy De Pauw, Gilles-Maurice de Schryver na Peter Wagacha wa Nairobi walionyesha kwamba aina za maneno ya Kiswahili zinaweza kutambuliwa na programu iliyojifunza kutokana na data badala ya kanuni za mkono. Vijana wengi huruka hapo, wakaanzia 2013 na word2vec, mbinu ya kugeuza maneno kuwa vekta. Matokeo yake wanatumia miezi mitatu kugundua kitu kilichoandikwa kabla hawajaanza shule ya msingi.

Kwenye data, wenzako wanakosea vibaya. Wanaona modeli "inajua Kiswahili" na hawaulizi ni Kiswahili kipi. XLM-R, modeli ya lugha 100 iliyotolewa na Facebook mwaka 2019, ilifunzwa kwa takribani GB 300 za Kiingereza na GB 1.6 za Kiswahili, zote zilizochujwa kutoka intaneti. Hizo 1.6 ni za nani? Habari za mitandaoni, maandiko ya dini, kurasa zilizotafsiriwa na mashine na kutupwa mtandaoni. Mazungumzo ya kijiweni hayamo kwa kiasi chake. Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu, ambako watu husema *batoto*, kinaweza kuchujwa na kutupwa kwa sababu kitambua-lugha kimekiona kigeni.

Ukitaka ushahidi kwamba data hizi hazikaguliwi inavyostahili, kuna utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulioongozwa na Julia Kreutzer na Isaac Caswell. Watu wanaozijua lugha walisoma kwa macho sampuli za mikusanyo 205 ya lugha mbalimbali kutoka hazina 5 maarufu za wazi. Mikusanyo isiyopungua 15 haikuwa na maandishi yanayofaa hata kidogo. Mingine mingi ilikuwa na chini ya nusu ya sentensi zinazokubalika. Lebo inasema lugha fulani, ukifungua ndani unakuta orodha ya bidhaa au lugha nyingine kabisa. Utafiti huo haukuhitaji mashine ya mabilioni. Ulihitaji watu wanaosoma.

Hapo ndipo jibu la asubuhi yako lilipo. Mtafiti akiamka anafungua jedwali. Upande mmoja sentensi iliyoingia, upande wa pili jibu la modeli, upande wa tatu jibu sahihi. Anasoma safu mia, anaandika pembeni aina ya kosa, anasoma mia nyingine. Ni kazi ya kuchambua mchele. Wanaoiona haina hadhi huishia kuandika ripoti yenye namba nzuri wasizoweza kuzieleza.

Na namba zenyewe ziogope kidogo. Kipimo cha tafsiri kilichotawala kwa miaka ni BLEU, kilichotoka IBM mwaka 2002. Kinahesabu ni maneno mangapi, na mifuatano mingapi ya maneno, ya mashine yanalingana na ya mtafsiri. Mtafsiri kaandika "Alimwona mtoto njiani", mashine kaandika "Alimuona mtoto njiani". Mwalimu gani angemkata mtu maksi hapo? BLEU inakata neno zima, kwa sababu kwake *alimuona* na *alimwona* ni maneno mawili yasiyojuana. Lugha ambayo kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa inaumia sana kwa kipimo cha namna hii. Ndiyo maana wengi wetu tulipokea kwa furaha chrF, kipimo alichopendekeza Maja Popović mwaka 2015, kinachohesabu mifuatano ya herufi badala ya maneno. Kwa *alimuona* kinakuwa mpole, inavyostahili.

Lakini mpe sasa "Nitakuja kesho" dhidi ya "Sitakuja kesho". Herufi moja imebadilika, chrF inatoa alama za kutosha, na mgeni hatakuja. Ukanushi wetu umekaa mwanzoni mwa kitenzi, ni mwembamba, na kipimo cha herufi hakiwezi kujua kwamba herufi ile moja imegeuza kila kitu. Siku hizi kuna vipimo vinavyotumia mitandao ya neva yenyewe kukadiria ubora wa tafsiri, na vimo vilivyofunzwa kwa lugha za Afrika. Ni bora. Bado ninasoma safu kwa macho.

Angalia pia mitihani tunayowapa modeli hizi. XNLI ya mwaka 2018, mtihani wa kuamua kama sentensi moja inafuata kutokana na nyingine, ambao makala nyingi huutaja kupima Kiswahili, ni sentensi za Kiingereza zilizotafsiriwa na watafsiri wa kulipwa. Asili yake ni mazungumzo ya simu ya Wamarekani, magazeti yao, vitabu vya utalii na kadhalika. Modeli ikifaulu hapo, imefaulu Kiswahili cha kutafsiriwa kuhusu mambo ya Marekani. TyDi QA ya mwaka 2020, mtihani wa kujibu maswali, ilifanya tofauti: wasemaji wenyewe wa lugha 11, Kiswahili kikiwemo, walionyeshwa mwanzo wa makala wakaandika maswali ambayo kweli walitaka kujua majibu yake. Ukisoma maswali hayo unasikia mtu anauliza. Nikipewa nafasi ya kuchagua mtihani mmoja, nachukua huo.

Mfano mwingine wa kazi ya mikono ni majina. Mwaka 2021 jumuiya ya Masakhane, iliyoanza 2019 ikiwa na watafiti wa Kiafrika waliochoka kungoja, ilichapisha MasakhaNER: habari za magazeti katika lugha 10 za Afrika, zikiwemo Kiswahili, Kiganda, Kinyarwanda na Kijaluo, zikiwa zimewekewa alama za majina ya watu, mahali, taasisi na tarehe. Inasikika rahisi mpaka ukae na wenzako wawili mbele ya gazeti. "Ikulu imetangaza" ni taasisi. "Alifika Ikulu saa nne" ni mahali. "Dodoma Jiji wamelala kwa mabao mawili" si mji, ni timu, na ushahidi pekee ni lile *wa* la wamelala pamoja na mabao. *Baraka*, *Neema*, *Tumaini* na *Juma* ni majina ya watu na ni maneno ya kawaida, na yakikaa mwanzo wa sentensi herufi kubwa haikusaidii. Kabla ya kufunza chochote lazima mkubaliane, muandike mwongozo, kisha mpime mnakubaliana kwa kiasi gani. Msipokubaliana ninyi watatu, mtandao ukubaliane na nani?

Sasa ule mradi. Mwaka 2016 Tal Linzen, Emmanuel Dupoux na Yoav Goldberg waliuliza swali dogo kuhusu Kiingereza: je, mtandao wa neva unajua kupatanisha kiima na kitenzi wakati katikati kuna nomino nyingine za kupotosha? Kiingereza kina umoja na wingi basi. Sisi tuna ngeli! Tazama sentensi hii: "Vitabu vya watoto wa shule za jirani ___." Iliyo sahihi ni *vimepotea*. Lakini *wamepotea* inavutwa na watoto, na *zimepotea* inavutwa na shule. Kisha ongeza ugumu: "Viongozi wa vyama vya siasa ___." Umbo linaita *vimekutana*, vyama vilivyo jirani navyo vinaita *vimekutana*, ila viongozi ni watu, kwa hiyo *wamekutana*. Kisha kiboko: yule wa mtoni *amekufa*, kile cha kuchapia *kimekatika*, na modeli lazima iangalie muktadha kujua ni yupi.

Tengeneza jozi kama 200 za namna hiyo, moja sahihi na moja kosa, zikitofautiana kwa kiambishi tu. Chukua modeli ya wazi inayotabiri neno linalofuata, kokotoa uwezekano wa sentensi nzima kwa kila upande, uone inapendelea ipi. Hufunzi chochote. Modeli ndogo itaenda hata kwenye laptopu yako, kubwa kidogo itaenda kwenye GPU (kadi za kukokotoa kwa kasi) za bure za Colab au Kaggle, huduma za mtandaoni, ukikumbuka kuhifadhi matokeo kila mara kwa sababu wanakukatia katikati.

Kuna mitego. Modeli za kujaza pengo, kama XLM-R, zitakusumbua: *vimepotea* inaweza kukatwa vipande vitatu na *wamepotea* viwili, na hapo hulinganishi vitu vinavyolingana. Ndiyo maana nimekuelekeza kwenye zile za kutabiri mbele. Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. *Wamepotea* ni umbo linalotumika sana kuliko *vimepotea* popote pale, kwa hiyo modeli inaweza kulipendelea kwa mazoea, si kwa sababu imepotoshwa na watoto. Panga jozi zako ili kila umbo la kitenzi liwe sahihi katika sentensi fulani na kosa katika nyingine. Mtihani ambao mtu anafaulu kwa kujibu "wa" kila mara haupimi upatanisho.

Wa tatu si wa hesabu. Nairobi utasikia "vitabu zimepotea" kutoka kwa mtu aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni. Modeli ikipendelea hivyo, imekosea au imesikiliza watu? Mimi ningeamua kabla ya kuanza, ningeandika wazi kwamba napima Kiswahili sanifu, na matokeo ya *zi* ningeyaweka kwenye kundi lake badala ya kuyarundika na makosa mengine. Mtahini wako anaweza kuona vingine, mjadiliane naye mapema.

Kuhusu mashine, hofu yenu ina dawa zaidi ya moja. Kelechi Ogueji, Yuxin Zhu na Jimmy Lin walionyesha mwaka 2021 kwa AfriBERTa kwamba data isiyofika GB 1, ya lugha 11 za Afrika, inaweza kuzaa modeli inayoshindana na zile kubwa za lugha mia. Mwaka huohuo ikatoka LoRA, mbinu ya kuiacha modeli kubwa ilivyo na kufunza nyongeza ndogo tu pembeni, na gharama ikashuka kiasi cha mwanafunzi kuthubutu. Hesabu unazohitaji ni aljebra ya vekta na matriki, uwezekano, na tofautishi (calculus). Andika mtandao mdogo kwa mkono wako mara moja, pamoja na kurudisha makosa nyuma kama Rumelhart, Hinton na Williams walivyoeleza 1986, kisha tumia maktaba za programu kama watu wengine. Na ule uchambuzi wa vitenzi ulioukimbia Kidato cha Tatu, kautafute tena. Kwenye fani hii ndiyo unakula nao.

Jiunge na Masakhane, ni wazi kwa yeyote na hawaulizi cheti. Fuatilia pia Deep Learning Indaba, mkutano wa Afrika nzima ulioanza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Nairobi 2019, pamoja na warsha ya AfricaNLP ambayo imekuwa ikifanyika tangu 2020. Warsha ndizo zinazopokea kazi ndogo iliyofanywa kwa umakini, na jozi 200 zilizokaguliwa vizuri ni kazi ya aina hiyo.

Jozi ziandike wewe mwenyewe, usiiombe modeli ikuandikie, maana utakuwa unampa mwanafunzi atunge mtihani wake. Kisha wape watu wawili ambao hawajui unatafuta nini, mmoja ikiwezekana awe wa pwani, waweke alama ipi ni sahihi. Zile watakazobishania ziweke kando usizifute. Na kabla hujazitoa hadharani, ziwekee leseni ya wazi inayosema nani anaweza kuzitumia na kwa kazi gani. Ukishapata hizo 200, niletee na mgawanyo wa ngeli, tuone kama KI-VI haijamezwa na A-WA.